Darasa Lililokaa Ndani ya Simu ya Mama

Mwezi wa Aprili mwaka 2020, siku ya tatu au ya nne tangu nianze kutuma masomo ya Kiswahili kwenye kundi la WhatsApp la Kidato cha Nne, nilipigiwa simu na mama mmoja anayeishi mtaa wa Kayole, Nairobi. Alinisalimu kwa adabu, akauliza hali ya nyumbani kwangu, kisha akasema, "Mwalimu, samahani sana, lakini hizi vitu unatuma zinanimalizia bando. Mimi huitwa kazi ya kufua na hii laini, na wengine hunitumia mahali pa kwenda kwa WhatsApp. Leo nimekaa mpaka saa sita sijui kama nimeitwa." Nilimwomba msamaha, naye akanishukuru kwa kumfundisha mwanawe. Tulipomaliza kuzungumza nilifungua simu yangu nikatazama nilichokuwa nimekituma asubuhi ile: faili la kurasa 40 kuhusu riwaya teule, lenye picha za kurasa zilizopigwa moja moja, uzito wake megabaiti 22. Nilikuwa nimelituma kwa fahari, nikiamini kwamba nimewapa wanafunzi wangu hazina. Kumbe nilikuwa nimeingia kwenye mkoba wa mwanamke ambaye siku hiyo hakuwa na uhakika wa chakula cha jioni, nikachukua bila kuomba.

Wakati huo nilikuwa nimefundisha kwa miaka 13 katika shule ya kutwa huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Rais wa Kenya alitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona Jumapili ya tarehe 15 Machi, na sisi wa shule za kutwa hatukupata hata siku moja ya kuagana, kwa kuwa Jumatatu yake uwanja wa shule ulikuwa mtupu. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilikuwa ikipeperusha masomo kupitia redio za KBC, shirika la utangazaji la taifa, na kituo cha runinga cha Edu, na vipindi vile viliwafaa wengi. Hata hivyo, redio husema bila kusikia. Mwanafunzi asiyeelewa kibwagizo ni nini hawezi kuinyoshea redio mkono. Nilitaka mahali ambapo mwanafunzi angeweza kunijibu, na mahali pekee nilipopajua palikuwa WhatsApp.

Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 46. Kwa kuulizana na walimu wenzangu na kupekua fomu za kujiunga na shule, nilipata nambari 31. Nilipoketi kuzichunguza moja moja, niligundua kwamba ni 9 tu zilizokuwa za wanafunzi wenyewe. Zilizosalia zilikuwa za akina mama, za akina baba, za kaka na dada wakubwa, na moja ilikuwa ya mwenye duka anayeuza chini ya ghorofa anamoishi mwanafunzi. Wale 15 waliobaki hawakuwa na nambari yoyote, na baadhi yao walikuwa wamepelekwa mashambani kwa nyanya zao kabla ya tarehe 6 Aprili, siku ambayo safari za kuingia na kutoka eneo la Nairobi zilipigwa marufuku. Niliyaandika haya kwenye karatasi nikaibandika juu ya meza yangu ya jikoni, mahali nilipokuwa nikifundishia, ili kila nilipotaka kutuma kitu nikumbuke kwamba simu inayokipokea ina mwenyewe na ina kazi nyingine.

Kwa wale 15 nilifanya nilichoweza, nacho hakikuwa kingi. Niliacha nakala za maswali kwenye saiba moja, duka la intaneti na uchapishaji, karibu na steji ya matatu, nikalipia kurasa mapema, na wanafunzi sita wakazichukua kwa nyakati tofauti. Tisa sikuwapata hadi Kidato cha Nne kiliporejea shuleni tarehe 12 Oktoba. Ninapowasikia watu wakisimulia jinsi elimu ilivyohamia mtandaoni mwaka ule, huwawaza wale tisa. Elimu haikuwahamia wao popote.

Baada ya simu ya yule mama nilibadilisha mambo mawili. La kwanza lilikuwa uzito. Niliacha kutuma mafaili, nikaanza kuandika maelezo mafupi kwa maneno matupu na kurekodi ujumbe wa sauti usiozidi dakika tatu. Dakika moja ya ujumbe wa sauti haifiki hata megabaiti moja, na maandishi ya ukurasa mzima ni mepesi kuliko picha moja ya ukurasa huo huo. Niliwaomba pia wazazi wazime mpangilio unaoifanya simu ipakue picha na video yenyewe, na wale ambao hawakujua pa kuupata niliwaelekeza hatua kwa hatua kwa simu ya kawaida. La pili lilikuwa saa. Kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi iliwataka watu wawe majumbani kufikia saa moja jioni. Kwa hiyo akina mama walifika nyumbani mapema kuliko walivyozoea, na simu ikafika pamoja nao. Nikahamisha somo langu kutoka saa tatu asubuhi, saa ambayo ratiba ya shule iliniambia ni ya Kiswahili, hadi saa mbili usiku, saa ambayo simu ilikuwa huru. Waliohudhuria waliongezeka maradufu wiki ile ile.

Miongoni mwa waliojitokeza usiku alikuwa mvulana mmoja ambaye darasani sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi. Ana kigugumizi, na katika chumba cha wanafunzi 46 kila alipokwama palikuwa na mwenzake wa kummalizia neno, wakati mwingine kwa nia njema, wakati mwingine kwa kicheko. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kumwuliza maswali nikidhani ninamhurumia. Tulipofika mada ya arudhi, yaani kanuni za kutunga mashairi, niliwaomba wanafunzi watunge ubeti mmoja wa tarbia, wenye mishororo minne, kisha waukariri kwa ujumbe wa sauti. Saa tatu kasorobo usiku ukaingia ujumbe wake wa sekunde 50. Nyuma ya sauti palisikika maji yakimiminwa ndooni na mtoto mdogo akiitwa alale. Kisha akaanza, polepole, akipumzika baada ya kila kipande:

Barabara zimelala, kafyu imeshaingia,
Mama hapati chakula, kazi zimemkimbia.

Nilihesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole, nane na nane, nikausikiliza ujumbe mara nne. Vina vya kati na vya mwisho vilikaa mahali pake. Baadaye mamake aliniambia kwamba kijana alirekodi na kufuta karibu mara kumi na mbili, akiwa amejifungia bafuni kwa sababu ndicho chumba pekee chenye mlango. Hilo ndilo ambalo darasa langu halikuwahi kumpa: nafasi ya kukosea mara kumi na moja bila mtu kumtazama. Tangu hapo nimewasikia walimu wengi wakisema kwamba mitandao ya kijamii humfanya mwanafunzi awe mvivu wa kuzungumza ana kwa ana, na huenda kwa wengine ni kweli. Kwa kijana huyu ilikuwa kinyume. Aliporudi shuleni alikubali kukariri mbele ya wenzake, na alipokwama hakuna aliyemmalizia neno, kwa sababu walikuwa wameshamsikia akimaliza.

Lakini jambo lililonifunza zaidi kuhusu somo langu mwenyewe ni lugha waliyoiandika wanafunzi pale kundini. Siku ya kwanza nilikuwa nimeweka kanuni: Kiswahili sanifu pekee. Matokeo yake yalikuwa ukimya wa siku tatu. Walisoma, nami niliona alama za buluu zikionyesha kwamba wamesoma, ila hakuna aliyeuliza lolote. Siku ya nne msichana mmoja akaandika, "Madam mathe amebeba simu nitacheki hiyo insha jioni," halafu akaufuta ujumbe haraka kabla sijaujibu. Nikaelewa kwamba kanuni yangu ilikuwa imefunga mlango ambao nilidai nimeufungua. Niliiondoa usiku huo huo, nikawaambia waandike kama wanavyozungumza, nasi tutafanya kazi na kile kitakachokuja.

Kilichokuja kilinifanya ninunue daftari jipya. Kwa wiki mbili nilinakili kwa mkono sentensi zao, bila majina, nikizipanga kwa ngeli, yaani makundi ya nomino. Waliandika "niko na swali" badala ya "nina swali", "kitabu yangu" badala ya "kitabu changu", "hiyo swali" badala ya "swali hilo", "gari imeharibika" badala ya "gari limeharibika". Mwalimu yeyote wa Kiswahili Nairobi anayajua makosa haya, nami nilikuwa nimeyapigia mistari myekundu kwa miaka 13 nikiamini kwamba wanafunzi hawana hisi ya upatanisho wa kisarufi. Daftari liliniambia vingine. Ngeli ya A-WA ilikuwa karibu salama: hakuna aliyeandika "mtoto imelia". Ngeli za KI-VI na LI-YA ndizo zilizomezwa na I-ZI. Kisha nikakutana na sentensi hii kutoka kwa mvulana wa mtaa wa Umoja: "Madam kasimu kangu kamezima." Niliitazama kwa muda mrefu. Kasimu, kangu, kamezima: kiambishi kimoja kimepita katika nomino, kimepita katika kivumishi, kikafika kwenye kitenzi bila kupotea hata mahali pamoja. Udogo wa "ka" hauhesabiwi katika sarufi sanifu ninayofundisha, ambamo tungesema kijisimu changu kimezima, lakini mtu anayeweza kusema "kasimu kangu kamezima" bila kufikiri anao upatanisho wa kisarufi kichwani mwake. Alichokosa ni mazoea ya viambishi vya sanifu. Nilikuwa nikifundisha upya nyumba nzima kwa mtu aliyehitaji tu kuonyeshwa mlango mwingine.

Kuanzia hapo nilifundisha ngeli kwa kuanzia kwa "ka". Niliwaomba waandike sentensi tano za kamtoto, kagari na kanyumba, kisha wazihamishe hadi KI-VI, wakibadilisha kila kiambishi kilichobadilika. Somo ambalo kwa kawaida lilinichukua wiki mbili lilieleweka kwa siku nne. Mada ya sajili katika isimujamii nayo, yaani namna lugha inavyotumika katika muktadha fulani, ambayo vitabu huifundisha kwa orodha za sifa, niliifundisha kwa ujumbe wa yule msichana, baada ya kumwomba ruhusa faraghani naye akakubali. Niliwaomba wauandike mara tatu: kwa rafiki, kwa nyanya aliye mashambani, na kwa mwalimu mkuu. Kwa rafiki ulibaki kama ulivyokuwa. Kwa nyanya, mmoja aliandika, "Shikamoo nyanya, mama ametoka na simu, nitaisoma kazi yangu jioni akirudi." Kwa mwalimu mkuu ulipata anwani, mada na shukrani za mapema. Hakuna aliyehitaji kuambiwa tena kwamba lugha hubadilika kulingana na muktadha.

Sasa nifike kwenye kosa langu, ambalo nimeliahirisha hata katika kuandika.

Mwezi wa Juni nilikuwa nikipokea insha kwa picha. Wanafunzi waliandika kwenye daftari, wakapiga picha, wakatuma, nami nikasahihisha kwenye skrini kwa kuchora mistari myekundu kwa kidole. Zilikuwa zikifika 20 au 25 kwa usiku mmoja, na nilizisahihisha hadi saa tano, macho yakiwa mazito. Usiku mmoja nilipata insha iliyokuwa na makosa mengi ya aina ambayo nilitaka wote wajifunze kutokana nayo. Nilikata sehemu yenye jina nikaituma kundini pamoja na maelezo. Nilidhani kuondoa jina kunatosha. Mwenye insha ile huweka kiduara kidogo juu ya herufi "i" mahali ambapo sisi wengine huweka nukta, na amefanya hivyo tangu Kidato cha Kwanza. Hakuna mwanafunzi katika darasa lile ambaye hakumjua kwa kutazama mstari mmoja.

Insha ilimhusu baba aliyeondoka nyumbani kazi zilipoisha. Mahali fulani alikuwa ameandika, "Baba alitoka na nyumba ikabaki na njaa." Nilikuwa nimezungushia maneno hayo duara jekundu na kuandika pembeni, "Nyumba haiwezi kuwa na njaa." Katika muda usiofika saa moja, mwanafunzi mmoja alikuwa ameipachika picha ile kwenye status yake pamoja na nyuso za kucheka na maneno yangu yakirudiwa chini yake. Niliifuta kundini kwa kila mtu, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Picha ilikuwa imeshahifadhiwa kwenye simu nyingine, na kutoka huko ilienda nisikokujua.

Msichana yule hakutuma kazi tena kwa wiki tano. Nilimpigia mamake siku iliyofuata, nikamweleza kilichotokea bila kujitetea, kisha nikaomba kuzungumza na binti. Nilimwuliza kama angependa niombe msamaha mbele ya kundi zima. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hapana Mwalimu. Sitaki waongee tena." Nikamheshimu. Nilikuwa tayari kuomba msamaha hadharani, na huenda msamaha huo ungenipa mimi ahueni kuliko ambavyo ungempa yeye. Wanafunzi waliokuwa wameisambaza picha nilizungumza nao mmoja mmoja, wakiwa pamoja na wazazi wao, nami nikawaambia kwamba niliyeanza kuisambaza nilikuwa mimi.

Nilizinduka siku kadhaa baadaye nikiwa naandaa maelezo ya tamathali za semi kwa ajili ya karatasi ya fasihi. Nilikuwa nimeandika "Tashihisi: kukipa kitu kisicho na uhai sifa za binadamu," na nikawa natafuta mfano. Mfano ulikuwa umekaa mbele yangu tangu Juni. Nyumba ikabaki na njaa. Msichana wa miaka 17 alikuwa ameandika sentensi ambayo mshairi angejivunia, na mwalimu wake wa fasihi akaiita kosa, kisha akaipeleka kwa watu zaidi ya 30 waione kama kosa. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeikosea vile endapo ningeisoma kwenye daftari, mchana, kalamu mkononi. Sina hakika, lakini najua kwamba skrini ndogo na saa tano za usiku vilinifanya nisome nikitafuta cha kuzungushia duara. Na hata kama ningeikosea kwenye daftari, kosa lingebaki kati yetu wawili, na siku ya pili angeweza kunijia mezani na kuniambia, "Mwalimu, nilimaanisha hivi."

Shule zilipofunguliwa Oktoba nilimwomba daftari lake. Pembeni mwa sentensi ile niliandika, kwa wino wa buluu, "Nilikosea. Hii ni tashihisi, na ni nzuri." Alisoma, akafunga daftari, akaniambia asante. Aliufanya mtihani wa KCSE, wa kumaliza sekondari, pamoja na wenzake mwezi wa Machi na Aprili mwaka 2021.

Tangu wakati huo sijawahi kuweka kundini kazi ya mwanafunzi, iwe imefichwa jina au la. Ninapotaka kuonyesha makosa, ninaandika insha mwenyewe, kwa mkono wangu, nikiyaweka makosa ninayotaka wayaone, ninaipiga picha, na wao ndio wanaonisahihisha. Wanafanya hivyo kwa furaha kubwa, na wakati mwingine hupata makosa ambayo sikuyaweka kwa makusudi.

Kuna madhara mengine niliyoyaona ambayo hayakutokana na insha. Kundi la WhatsApp humwonyesha kila mwanachama nambari za wanachama wengine wote, jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo nilipoziongeza zile nambari 31. Mama mmoja alianza kupata ujumbe wa usiku kutoka kwa mwanamume asiyemjua, na ikabainika kwamba nambari yake ilitoka kundini kupitia simu ya kaka wa mwanafunzi mwingine. Siku hizi, kwa matangazo ya kawaida, mimi hutumia orodha ya matangazo, ambayo humfikia kila mtu peke yake bila kumwonyesha wengine waliopokea. Ila ni lazima mpokeaji awe amehifadhi nambari yangu, la sivyo ujumbe hauingii, na hilo hunilazimu kulieleza katika mkutano wa kwanza wa wazazi kila mwaka. Mwalimu mwenzangu ni msimamizi wa pili wa kila kundi ninalolianzisha, na mwanafunzi akiniandikia faraghani baada ya saa tatu usiku, mimi humjibu asubuhi, isipokuwa kama kuna hatari. Waraka nambari 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Utumishi wa Walimu, unaohusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono, ulitoka wakati walimu wengi hatukuwa bado na WhatsApp, lakini ninapousoma sioni sababu ya kudhani kwamba simu ni mahali ambapo haufiki.

Kuhusu picha za wanafunzi, sheria iko wazi kuliko wengi wetu tunavyojua. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, na picha yake ni data. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja hapa Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Habari ile ilipotoka, walimu wengi wa makundi niliyomo walifuta albamu zao za siku ya michezo usiku mmoja. Ningependa tungezifuta kwa sababu ya watoto, lakini nashukuru kwamba zilifutwa.

Shuleni mwetu wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu, na sipingi kanuni hiyo. Watu huniuliza basi ninafundishaje kwa mitandao ya kijamii ilhali simu zimekatazwa getini. Jibu ni karatasi. Ninachapisha tangazo la duka kutoka Facebook, au ujumbe uliosambazwa WhatsApp, ninaondoa majina na nambari, ninawagawia wanafunzi wawili wawili. Tunaangalia nani anazungumza, anataka nini, na lugha yake inamfanyia kazi gani. Mwaka 2020 wazazi na wanafunzi walinitumia ujumbe mwingi kuhusu ndimu, vitunguu saumu na mvuke kama tiba ya korona, na niliuhifadhi. Ninauleta darasani mpaka leo. Ninawaonyesha alama ya mishale miwili juu ya ujumbe, inayomaanisha kwamba ujumbe umepita katika mikono mingi kabla ya kukufikia, na kwamba kuanzia Aprili 2020 WhatsApp iliweka kikomo ili ujumbe wa aina hiyo upelekwe kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja. Kisha tunatafuta katika maneno yenyewe: "Daktari mmoja wa hospitali kubwa amesema." Daktari gani? Hospitali ipi? Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili alinyosha mkono akasema kwamba sentensi hiyo ina mtenda lakini haina mtu. Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Somo hilo liliwafaa hata katika jambo ambalo sikulipanga. Kila msimu wa mtihani wa kitaifa huzuka chaneli za Telegram zinazodai kuuza karatasi za mtihani, na kila mwaka kuna watoto wanaochangishana pesa za nauli na chakula ili kununua maswali ya uongo. Wanafunzi wangu watatu waliniletea ujumbe wa aina hiyo waliokuwa wameunakili kwenye kipande cha karatasi, wakiwa wamepiga mstari chini ya kila neno lisilo na mwenyewe. Hawakuwa wamelipa.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 katika madarasa ya chini, umeutaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi, na walimu wadogo wanaoingia shuleni mwetu huniuliza waanzie wapi na programu ipi ni bora. Mimi huwauliza kwanza kama wanajua simu zile ni za nani.

Kabla ya kuyaandika haya nilimtafuta yule msichana, ambaye sasa ni mtu mzima, nikamwomba ruhusa ya kusimulia habari za insha yake. Nilimweleza kwamba sitamtaja jina wala mtaa, na kwamba ningeweza kuibadilisha sentensi ile ili isimtambulishe kwa yeyote. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti wa sekunde tisa, na nyuma yake palisikika matatu na makelele ya mjini. "Andika tu, Mwalimu," alisema. "Lakini hiyo sentensi usiibadilishe."